Dirisha la Watoto

Redio ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, mashine zinanguruma, na mtu wa pasi anasimulia mechi ya jana kwa sauti ya kushindana na vyote hivyo. Kimya alikuwa ameinamia kola ya shati la shule msimamizi alipomgonga bega kwa nyuma. Aliruka. Sindano ikamkosa kidole chupuchupu.

"Nimekuita mpaka nimechoka! Umetia pamba masikioni?"

"Ndiyo," alisema Kimya, akaitoa moja kumwonyesha.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Walidhani anafanya jeuri, lakini yeye alikuwa amejibu alichoulizwa, kama kawaida yake, na kama kawaida mtu alikuwa amekasirika. Jina la Kimya alilipata humohumo karakanani, miaka ya nyuma, baada ya kuona heri anyamaze. Marehemu mama yake alimwita kichwa ngumu. Mumewe alimwita jiwe mpaka siku alipomwacha. Ni juzi tu, umri umeshapita arobaini, daktari alipompa neno lisilouma: usonji. Alizaliwa nao. Si kiburi, si pepo, wala si malezi mabaya. Alilia kwa furaha hata daktari akababaika.

"Hii haihitaji dawa," daktari alimwambia. "Unachohitaji ni watu. Nenda ustawi wa jamii, wakuunganishe na wenzako."

Basi akamweleza msimamizi palepale. "Nina usonji. Naomba ruhusa niende ustawi wa jamii. Na nikirudi, naomba nihamie kule stoo, mbali na redio."

Msimamizi alimtazama juu mpaka chini. "Usonji si wa watoto? Wewe umeolewa, umeachika, usonji umeupata lini?"

"Sijaupata. Ninao."

"Haya, nenda. Muda utakaokosa utaufidia jioni. Na mashine haihami."

Dada yake mkubwa alikuwa akimsubiri getini. Alikuwa amefunga genge lake la mboga mapema ili amsindikize.

"Mdogo wangu, maofisa hawa wana maringo," alisema njiani. "Wakikuuliza kitu usiwajibu kavukavu. Zunguka kidogo."

"Nizunguke wapi?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

Ofisini, benchi lilijaa akina mama na watoto wao. Mmoja alikuwa amempakata binti aliyeziba masikio kwa viganja vyote viwili. Kimya alimtazama yule binti, akahisi kama amemwona mtu wa kwao ugenini. Zamu yake ilipofika, akasogea dirishani.

"Mtoto yuko wapi?" afisa aliuliza, macho kwenye simu.

"Mtoto yupi?"

"Mwenye usonji."

"Ni mimi."

Afisa akainua macho. "Mama, hili dirisha ni la watoto. Mtoto akishakuwa mtu mzima, anatoka kwenye mpango wetu."

"Usonji unakuwa umemtoka?"

"Usonji hautoki, mama."

"Sasa yeye anatoka anaenda wapi?"

"Anatoka tu."

"Nauliza anaenda wapi."

Hakuwa akimchokoza, alitaka kujua. Nyuma yake, akina mama kwenye benchi walikuwa wameinua shingo kusikiliza. Afisa alipangusa paji la uso.

"Tunafuata mwongozo. Jaribu tena mwezi ujao."

"Mwezi ujao ndiyo atakuwa amerudi utotoni?" dada akadakia.

Afisa akafunga dirisha. Dada alimshika mdogo wake mkono, akakumbuka kwamba hapendi kuguswa ghafla, akauachia. Walikuwa wanageuka kuondoka yule mama mwenye binti aliponyanyuka, akamwelekea Kimya.

"Dada, samahani. Unafanya kazi?"

"Nashona sare."

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu. Dada yangu yuko mtaa wa pili."

"Unapika mwenyewe? Unafunga mlango mwenyewe, unalala?"

"Ndiyo. Wali huwa unaungua."

Mama yule alicheka, na machozi yakamtoka kicheko hakijaisha. "Miaka yote nakuja hapa," alisema, "sijawahi kumwona aliyekua. Nilidhani wakikua wanapotea." Akajifuta. "Tuna kikao sasa hivi, ukumbini. Twende."

Afisa ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa ukumbi. Alipomwona Kimya, akanyoosha mkono kumzuia.

"Kikao hiki ni cha wazazi, mama."

"Mimi si mzazi," alisema Kimya. "Mimi ndiye mnayemzungumzia."

Akapita chini ya ule mkono. Akina mama wakapita nyuma yake, na dada akawafuata kidevu juu, kama aliyealikwa kwa kadi. Afisa alibaki mlangoni na funguo zake.

"Sitakuandika," alisema hatimaye. "Kwenye mahudhurio hutakuwepo."

"Sawa," Kimya alisema. "Nipo."

Akachagua kiti cha pembeni, mbali na feni. Yule mama akavuta chake kuja ubavuni, kisha akasita, mkono ukiwa bado umeshika kiti.

"Hapa ni karibu mno?"

Kimya alifikiri. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Sogea kidogo," alisema.

Mama akasogea, akampakata binti yake, na kikao kikaanza.