Magodoro ya Kilio Ndani ya Maktaba

Siku maktaba ya mtaa wetu wa Kamalondo ilipofunguliwa tena, watu walipiga makofi, wakashusha mikono, na makofi yakaendelea peke yake. Wageni walicheka, wakadhani hata jengo limefurahi. Mimi sikucheka. Wao walikuwa wanakwenda kunywa, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki humo.

Naitwa Huguette. Vitabu vya pale navitunza tangu enzi za dari la mbao lililooza na mikeka juu ya saruji. Palikuwa pabaya kutazama, sikatai, na mvua ilikuwa ikiingia bila kupiga hodi. Lakini mtu akisema ulimsikia yeye, basi. Katika ukarabati walitupa kila kitu kilichokuwa laini: mikeka, mapazia, dari, hata viti vya kitambaa. Wakaweka vigae vyeupe chini, vioo kutoka sakafuni hadi juu, meza za chuma, na kuta zilizopakwa rangi ya kung'aa. Ukiangusha kalamu mlangoni, msomaji wa mwisho kabisa anageuka kutafuta nani amemwita.

Mkurugenzi wetu, Clément, alilipenda jengo lile kuliko vitabu vilivyomo. Ni mtu anayependa ving'aavyo: viatu vyake vinang'aa, gari lake linang'aa, na akianza kusema juu ya vioo vyake hata uso unang'aa. Malalamiko ya kelele yalipoanza, hakuitazama nyumba. Alitutazama sisi.

"Bantu ya Kamalondo iko na makelele," aliniambia kwa Kiswahili cha mtaani kwetu. "Banatoka nayo ku soko, banaingia nayo mu biblioteki."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni ya mtu anayeita teksi. Chumba kikamrudishia "teki, teki, teki", naye hata hakusikia.

Waliolengwa walikuwa mama zangu wa Jumamosi. Kila Jumamosi baada ya saa sita tunakuwa na saa ya kusoma kwa sauti: wauza unga, wauza mkaa, washonaji, wanawake ambao utotoni walipelekwa kuchota maji wakati kaka zao wanapelekwa shule. Hakuna aliyewahi kujifunza kusoma akiwa amefunga mdomo. Lazima neno litoke, mwenyewe alisikie, ajue kama ndilo.

Katika hao, niliyemhangaikia zaidi ni Maman Julienne, muuza samaki wakavu. Miaka yote amefua vitambaa vya altare katika parokia yake, amepanga maua, amefagia. Sasa anataka kitu kimoja tu: kusimama mbele ya watu Jumapili na kusoma somo la kwanza kwa mdomo wake mwenyewe. Padri hakumkatalia. Alimwambia aje siku atakayoweza kumaliza ukurasa mzima bila kusimama njiani. Katika maktaba ya zamani alikuwa ameshafika nusu ya ukurasa. Katika hii mpya alifungua kitabu, akatamka neno la kwanza, chumba kikalitamka nyuma yake mara tatu. Akageuka kuona nani anamcheka. Akajaribu tena, kikamrudishia tena. Akafunga kitabu, akakiweka mezani taratibu. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Ijumaa moja Clément akabandika tangazo mlangoni. Alikuwa ameliandika kwa Kiswahili, ili kina mama walielewe, alisema. Kina mama wasiojua kusoma! Lilisema kwamba ndani ya chumba hiki ni marufuku kusoma kwa sauti, na anayetaka kusema aende aseme nje. Kwa mdomo aliongeza: kuanzia Jumatatu.

Nilimfuata ofisini.

"Directeur, si bamama njo banapiga makelele. Ni nyumba."

"Nyumba haina kinywa, Maman Huguette."

"Iko nacho. Ile siku ya kufungua mulipiga makofi, nyumba ikapiga yake. Tutundike bitambaa ku ukuta, tutandike tapis chini, itanyamaza."

"Bile bintu tulitosha, tukatupa, juu ya mavumbi. Leo bageni banakuja kupiga picha ya bioo. Unataka bapige picha ya tapis?"

"Na Maman Julienne atasomea wapi?"

"Nje. Nimeandika."

Nje ni barabara, pikipiki, na baa inayoanza muziki kabla watu hawajapata chai. Nilitoka bila kumuaga, na mlango nikauacha ujifunge wenyewe. Ulilia hadi mwisho wa chumba.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilikuwa kwenye kilio. Papa Kapya, mstaafu wa reli, jirani wa Julienne, alikuwa ameshazikwa na siku hiyo watu walikuwa wanatawanyika. Nyie mnajua kilio chetu kilivyo. Mtu akifa, sebule inatolewa kila kitu: makochi, kabati, televisheni, picha. Kisha wanawake wanaleta magodoro kutoka nyumba zao, yanatandazwa ukuta hadi ukuta, na hapo ndipo wanakaa na kulala mpaka mwisho. Mimi nimekaa kwenye vilio vingi kuliko arusi, na sikuwahi kufikiri lolote juu ya magodoro hayo zaidi ya kujiuliza la kwangu liko wapi.

Asubuhi ile tulikuwa tumekaa tunazungumza pole pole juu ya marehemu. Vijana wakaanza kuyatoa magodoro. Kadiri yalivyotoka, sauti zetu zilipanda. Lilipotoka la mwisho, mjane akasema tu "Aksanti, bamama," na sebule tupu ikampokonya neno, ikalizungusha kwenye kuta zote nne. Ilikuwa maktaba yangu ile ile, yenye rangi mbaya zaidi.

Nikasimama. Nikamshika Julienne mkono, nikamwonyesha yale magodoro.

"Bamatela ii inaenda wapi?"

"Ku manyumba ya benyewe."

"Itapita kwanza ku biblioteki."

Alinitazama kana kwamba nimezidiwa na usingizi wa kilio. Nilimweleza. Hakuelewa yote, lakini alielewa kwamba ni leo au basi, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja. Akafunga pagne yake ya kitenge upya kiunoni, akawageukia wenzake. "Bamama, tubebe. Nani anaogopa abakie."

Hakubaki hata mmoja. Tulipakia mengine kwenye mkokoteni wa pusipusi, mengine yakaenda vichwani, na tukapita barabarani hivyo hivyo tulivyotoka kilioni, vitambaa vya kichwa vimefungwa chini, macho mekundu. Maktabani tuliyasimamisha magodoro kwenye vioo na kwenye zile kuta za kung'aa, mengine tukayatandika chini kati ya meza. Nilitarajia itatuchukua saa nzima kutambua tofauti. Lakini nilikohoa, na kikohozi changu kikaishia pale pale kifuani kwangu. Nikakohoa tena kwa raha tu.

Kosa langu nililiona muda si mrefu. Katika mji huu, wanawake wakiingiza magodoro ndani ya nyumba, hakuna anayeuliza kisa. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mandazi aliona, akaweka beseni chini, akavua ndala mlangoni, akaingia na kukaa. Nyuma yake wawili. Nyuma yao kundi zima la soko. Na adabu ya kilio ni kwamba unakaa kwanza, unanyamaza, jina la marehemu utalipata mbele ya safari. Nilikwenda mlangoni kuwaeleza. "Hakuna kilio, bamama, ni..." Mmoja akanipapasa mgongo. "Pole, maman. Kaa. Lia tu."

Nikashindwa. Na baadaye nikawaza: kwa nini niwafukuze? Chumba kilichosemwa kwamba watu wa Kamalondo hawawezi kukaa humo bila kelele kilikuwa kimejaa watu wa Kamalondo, na ukimya ulikuwa mkubwa hadi saa ya ukutani ilisikika.

"Soma," nikamwambia Julienne.

Alichukua kitabu chake. Alisimama mbele ya magodoro na wale wote waliokuwa wamekaa wakamwinulia macho, wakiamini ndilo somo la kumwombea marehemu. Neno la kwanza likatoka. Alingoja limrudie. Halikurudi. Nilimwona akitazama ukutani, kisha akatabasamu, kisha akaendelea. Alikwenda taratibu, silabi moja moja, na kule nyuma kabisa kwenye rafu za jiografia mama wa mandazi alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi.

Alikuwa ameshapita ile nusu ya ukurasa wakati Clément alipofika. Kuna aliyempigia simu kwamba kuna kilio ndani ya maktaba yake. Alisukuma mlango kwa hasira, akaona magodoro, akaona wanawake chini, na mwili wake ukafanya ulichofundishwa na mama yake: akavua kofia, akavua viatu vile vya kung'aa, akainamisha kichwa. Akanisogelea kwa soksi.

"Nani alikufa?" alininong'oneza.

"Kaa kwanza, Directeur," nikamnong'oneza na mimi.

Akakaa kwenye ukingo wa godoro, karibu nami, mikono katikati ya magoti. Julienne hakuacha kusoma. Alishusha kidole mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa, akafunga kitabu. Hakuna neno hata moja lililokuwa limetupotea. Clément naye alisikia yote, kwa sababu nilimwona akiitikia "amina" mahali ambapo hapakuhitaji amina.

Kisha akatazama huku na huku. Akatafuta picha ya marehemu, akatafuta mshumaa. Akalitazama godoro lililosimama mbele ya kioo chake kikubwa kuliko vyote. Akaelewa, na uso ukambadilika.

"Mulinidanganya!"

"Akuna muntu alisema kama kuna maiti," nikamjibu. "Miye nilisema mukae."

"Mutoshe ii bamatela! Sasa hivi! Yote!"

Alipiga kelele kweli. Lakini kelele ilianguka karibu na soksi zake, ikaishia hapo. Akainua macho juu, akingoja ile sauti yake kubwa irudi kumsaidia, kama alivyozoea. Haikurudi. Mama mmoja akacheka chini chini, mwingine akamfinya anyamaze, maana hao bado hawakujua kama kilio kimekwisha au la.

"Bamatela itatoka leo jioni, benyewe balalie," nilisema. "Na juma ijayo tutaleta bintu bingine. Bashonaji batatupatia mabakio ya bitambaa, tutajaza mu bipagne bya zamani, tutatundika ku ukuta. Mukitosha, tutatundika tena. Na Jumamosi tutasoma."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Miye siombe tena ruhusa. Niliomba ku ofisi yenu, mulinitumaka nje."

Kazi ile ndiyo maisha yangu, na yeye angeweza kuichukua kwa neno moja. Lakini nilikuwa nimeshasema, na sikutaka kurudisha hata neno.

Clément akaona kwamba kwangu hapapitiki, akawageukia wale wanawake. Akaunyooshea mlango kidole.

"Nyinyi bote! Hamukusoma tangazo?"

Wengi waliinamisha macho, kwa ile aibu ya zamani ambayo kila mmoja wao ameibeba tangu utoto, na nilimchukia mtu yule wakati huo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Julienne akaweka kitabu chake juu ya meza ya chuma. Akavuka magodoro, kwa uangalifu, asimkanyage mtu. Akafika mlangoni, akalibandua lile tangazo kona kwa kona lisichanike, akarudi nalo mpaka mbele ya mkurugenzi. Akaliinua mbele ya macho yake. Na akasoma kwa sauti.

"Ndani... ya chumba... hiki... ni ma-ru-fu-ku... kusoma... kwa sauti."

Akavuta pumzi. Clément alifungua mdomo. Julienne akamwonyesha kiganja, angoje, hajamaliza.

"Anayetaka... kusema... aende... aseme... nje."

Kule nyuma kwenye rafu, mama wa mandazi alisikia kila neno. Nilijua hivyo kwa sababu alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa. Aliinuka nusu, akalivuta godoro alilokalia mbele kidogo, akakaa tena, na wengine wote wakakaza pagne zao kiunoni, hakuna aliyetazama mlango.

Julienne akalikunja tangazo mara mbili, akamwekea mkurugenzi mkononi.

"Nimesoma, Directeur," alisema. "Yote. Sasa shiye bote hatutoki."