Kiti cha Khavere

Khavere alikuwa akipasua mota ya friji atoe waya za shaba, gari jeupe liliposimama kwenye lango la yadi ya vyuma kuukuu, nyuma ya soko la mbuzi la Kiamaiko. Alikuwa amekalia chuma cha duara, kizito kama jiwe la kusagia. Wiki tatu sasa, hicho ndicho kilichokuwa kiti chake.

Wanaume wawili walishuka. Mmoja alivaa aproni nzito na glavu. Wa pili, Mativo, afisa wa serikali wa nishati ya nyuklia, alibaki kando ya gari na faili lake. Khavere alimtambua. Mwezi uliopita, katika ukumbi wa mtaa wa Jericho, aliwaambia wakazi wasiogope mtambo wa umeme wa nyuklia; kila kitu chenye mionzi nchini kinajulikana kilipo. Khavere alikunywa chai ya mkutano, akapiga makofi.

Mwenye aproni alishika kidude kilichokuwa kikilia. Kila alipopiga hatua, mlio ulizidi kasi. Alipomkaribia Khavere, ukawa mlio mmoja usiokatika. Akaruka nyuma.

"Mama, toka hapo! Toka!"

Khavere akasimama, nyundo mkononi. "Nimefanya nini?"

"Hicho unachokalia, kilitoka wapi?"

Abdirizak, mwenye yadi, alikuja mbio. "Wallahi nilinunua kama vyuma vingine. Vilikuwa viwili. Kimoja kilienda na lori jana."

"Ndicho kilicholiza king'ora kwenye lango la kiwanda cha kuyeyusha," Mativo alisema kwa mbali. "Ni vifaa vya kupimia vya viwandani. Ndani vina mionzi. Viliibwa mwaka jana."

"Mwaka jana?" Khavere aliuliza. "Na mlijua?"

"Iliripotiwa."

"Nani aliambiwa huku kwetu?"

Mativo akafungua faili.

Khavere akakitazama kile chuma. Kila siku saa saba mchana bintiye Lorine, wa gredi ya nne, alitoka shule wakala githeri pamoja. Kwa kuwa chini palikuwa na matope, mama alimwachia kiti.

"Mtoto wangu hukaa hapo," alisema. "Kila siku."

Mwenye aproni alileta sanduku la risasi, madini mazito yanayozuia mionzi, akalilaza ubavu hatua kadhaa kutoka kile chuma.

"Tusaidie, mama," Mativo alisema. "Kiviringishe kiingie humo. Wewe ushakizoea."

Khavere alidhani hakusikia vizuri. "Basi nipeni hiyo nguo kwanza."

"Iko moja tu."

"Aliyeivaa akiviringishe."

Mwenye aproni aliinamisha macho. Kisha akachukua fimbo ndefu ya chuma, akakisukuma mwenyewe hadi ndani ya sanduku.

Mativo akaweka karatasi juu ya boneti. "Weka sahihi tumalize. Inasema umeelezwa, na hakuna hatari kwa umma."

"Hicho kidude kimesoma ngapi?"

"Hizo ni namba za kitaalamu, mama."

"Na mtoto?"

"Mlete ofisini Jumatatu, na barua ya chifu."

Ilikuwa Jumanne. Khavere alichukua kalamu, akaandika polepole, kwa herufi kubwa zilizopita mstari wa sahihi: SIJAELEZWA KITU.

Mativo alisoma, akaikunja. Akatoa nyingine safi, akamgeukia Abdirizak. Khavere hakungoja kuona. Alikuwa ameshashika njia ya shule, akitembea, kisha akikimbia.