Siku ya Kuagwa kwa Dalton

Siku ya chuo kuwaaga wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa mwaka wa mwisho, Dalton Rusk aliingia uwanjani ameshikana mkono na mama yake, Noreen. Alikuwa amesota benchi miaka mitatu akingoja nafasi ya mrusha mpira mkuu, anayeongoza mashambulizi, na zamu yake ilipofika, timu ikamchukua Tavion kutoka chuo kingine. Kocha Brandt aliahidi kwamba leo, mbele ya mama, ataanza Dalton.

"Mwanangu, tukifungwa leo msimu umekwisha," kocha alimwambia pembeni. "Anaanza Tavion. Wewe toa ishara."

"Hata mpira mmoja tu, kocha?"

"Ishara, Dalton. Hakuna anayezijua kama wewe."

Tavion alipita akivaa kofia yake ngumu. "Nyoosha mikono vizuri, babu. Usije ukanichanganya."

Dalton akasimama ukingoni. Akainua mikono, akagusa kichwa, akapiga kifua, kumwonyesha Tavion mbinu aliyoichagua kocha. Tavion akarusha, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kule jukwaani Noreen, akidhani anasalimiwa, alisimama akampungia mwanawe kwa mikono yote miwili.

Dalton hakumpungia. Tavion alikuwa anasubiri ishara nyingine.