Kigari cha Lopeyok Chaenda Ukweni

Kila mtu Lodwar alikijua kigari cha Lopeyok. Cha Kiingereza, rangi ya kijani, viti viwili, hakina paa, na kifupi hivi kwamba mbuzi akisimama kando yake anamtazama dereva machoni. Kiliachwa na mhandisi mmoja wa visima, kikaoza uani miaka na miaka, mpaka Lopeyok, fundi wa jenereta, alipokiomba. Alikihangaikia miaka minne. Gasketi alizikata kwa maboksi ya maziwa, springi akazitoa kwenye pikapu mbovu, sakafu akaiziba kwa madebe ya mafuta ya msaada. Kilipowaka mara ya kwanza alilia machozi, mtu mzima, mbele ya watu, wala hakujali.

Tangu hapo kila siku ya Mungu alikwenda nacho Kakuma, kilomita mia na ishirini, kutengeneza jenereta za Garad, Msomali mwenye duka kwenye kambi ya wakimbizi. Jua likichemsha petroli kwenye pampu, alisimama, akaifunga kitambaa chenye maji, akangoja kidogo, akaendelea. Shule zikifungwa, bintiye Apua, wa miaka tisa, alikaa kiti cha pili, shingo juu, utadhani mke wa DC.

Sasa, Apua alikuwa bintiye kwa damu tu. Lopeyok alikuwa ameishi na mama wa mtoto miaka kumi bila kumaliza mahari, na kwa Waturkana asiyechinja ng'ombe wa harusi hana mtoto. Watoto ni wa baba mkwe. Hata shuleni aliandikwa kwa jina la babu yake, mzee Lokaale. Lopeyok akimsikia mwalimu anaita "Apua Lokaale", siku hiyo chakula hakishuki. Basi akajikakamua, mbuzi huyu, ngamia yule, mpaka mzee akatuma neno: njoo tumalize.

Garad alimpa lori la kubebea wanyama. Akampa na ushauri ambao hakuombwa.

"Warya, hiyo gari acha hapa dukani. Wakwe zako mimi najua."

Nani asiyejua? Siku ya mahari wakwe wana haki ya kuomba chochote wanachokiona, na mkwe hana mdomo wa kukataa. Watu huficha saa kwenye soksi. Viatu vizuri huviacha nyumbani. Lakini Lopeyok, sijui nani alimroga siku ile, akasema, "Nifike ukweni nimening'inia na mbuzi? Zii!" Akamketisha Apua kando yake, akatangulia mbele ya lori akipiga honi, mpaka kwenye boma la mzee Lokaale, nje kidogo ya Kakuma.

"Ejok," mzee akasalimu. Ngamia hata hakuwatazama. Alikizunguka kigari mara mbili, akakipapasa ubavuni, akasema, "Na huyu wa kijani."

Lopeyok akaja akasimama kati ya mzee na kigari.

"Baba, hiyo ni ya kazi. Ngoja nikuongezee ngamia."

"Ngamia ninao."

"Hujui kuendesha, baba."

"Kijana wangu anaendesha pikapu. Utamwonyesha." Mzee akatema tumbaku. "Na usikie. Ikizimika leo, ni mnyama amekuja mgonjwa. Ng'ombe wa harusi hatachinjwa."

Hapo ndipo alipobanwa. Angenyamaza tu kuhusu kile kitambaa, kigari kingezimika kabla ya adhuhuri, wangekichoka, wangemrudishia. Na Apua angebaki Lokaale. Shetani alimpitia, tusidanganyane. Alisimama na ufunguo mkononi mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akamwita shemeji yake, akamwonyesha yote: choki unavuta hivi, gia ya pili usiilazimishe, pampu ikichemka funga kitambaa chenye maji. Kigari kikazunguka boma mara tatu bila kukohoa. Wanawake wakapiga vigelegele. Ng'ombe akachinjwa, nyama ikaliwa, na mzee Lokaale mwenyewe akatamka mbele ya watu kwamba Apua ni mtoto wa Lopeyok.

Mama yake Apua, aliyekuwa ametangulia kwao, alibaki bomani kwa sherehe. Baba na binti walirudi Lodwar nyuma ya lori, wamekalia gunia juu ya samadi ya mbuzi. Lopeyok, moyo ukimuuma kwa ajili ya kigari chake, alijilazimisha kuchangamka.

"Umefurahi? Wewe ni wangu sasa. Jumatatu nakuja shuleni tubadilishe jina."

"Si ungeniacha tu nikuwe wa babu," Apua akasema. "Ningekuwa wake, na kila siku ungenibeba na gari. Sasa mimi ni wako, na gari hakuna."

Lopeyok alifungua mdomo amkemee, akaishia kumvutia gunia akae vizuri. Maneno hayo hayo, hayakupungua hata moja, ndiyo aliyokuwa amejiambia pale bomani.