Kifumbu cha Kasida

Niliota usiku wa jana kwamba kifumbu cha kukamulia nazi kimebisha hodi mlangoni kwangu, kimevaa kofia ya viua.

"Hodi hapa kwa Bi Mwanaheri!"

"Karibu," nikasema, maana mgeni ni mgeni. "Pita ukae."

"Sina nafasi ya kukaa. Nimetumwa na Fundi Hizza nichuje kasida yenu. Leo nakata filimbi yote."

Jambo lenyewe ni hili. Juzi sisi wanawake wa maulidi tulikwenda kwa Fundi Hizza, hapa hapa Muheza, kurekodi kasida. Tulipofika pa kusimama, anapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, kigelegele kikanitoka. Sikukipanga. Tangu mume wangu, marehemu Semboja, anitangulie, mwaka wa sita huu, sikuwahi kupiga kigelegele, hata kwenye harusi za wanangu. Nikaona haya. Kisha Fundi akavaa vile vya masikioni, akakunja uso. "Kuna filimbi humu. Spika ililia. Nitaweka kichujio kiikate yote." Filimbi ya spika ilikuwapo kweli, lakini nyingine ilikuwa mimi. Nikajitia kutafuta viatu vyangu.

"Nami nakuja," nikakiambia kifumbu. Nikatwaa mtandio.

Tunavuka kizingiti, na nje si uani kwangu tena. Ni ndani ya kasida. Kasida ni ukumbi mrefu usio na paa. Punje za nazi iliyokunwa zinapita kwa foleni, elfu arobaini na nne na mia moja kila sekunde, na kila moja inataja namba yake.

"Mia tatu na mbili."

"Mia tatu na moja."

"Hasi kumi," inasema moja, kwa sauti ya chini.

"Hizo ndizo sauti zenu," kifumbu kinaniambia. "Kwenye kompyuta hakuna sauti, kuna namba tu. Zinaingia kwangu, nazikamua, linatoka tui."

Naona kila punje ikipita inaacha unyevu wake, nacho kifumbu kinaupaka kwenye ile inayofuata.

"Mbona unazichanganya?"

"Siwezi kumchuja mtu bila kumkumbuka aliyemtangulia. Ndiyo kazi ya kichujio."

"Hilo nalijua," nikasema, nikatazama pembeni.

Katikati ya ukumbi pana duara la chaki, makao ya watumishi wawili wa kifumbu. Ndani yake imesimama nguzo, na juu ya mstari wenyewe amekaa Sifuri, mnene, mdomo wazi.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," inajibu nguzo. "Tafadhali, bibi, usinisukume. Nikitoka nje ya duara hili mlio hautanyamaza. Utakua na kukua mpaka mabati yote ya Muheza yang'oke."

"Sina nia hiyo."

Sifuri hasalimii, anakula. Sauti iliyo mbele yake anaimeza na haibaki kitu. Filimbi ya spika ikipanda, naye anajiburuza kwenye mstari anapanda. Ikishuka, anashuka. Nguzo inamfuata kwa nyuma kama yaya.

"Huyu hatulii mahali pamoja?"

"Filimbi haitulii, yeye atulie vipi?" kifumbu kikanijibu. "Kichujio cha kutulia ni cha chai."

"Na akikutana na kigelegele?"

"Anakila. Kwake yeye chochote chembamba kilicho juu ni filimbi."

Basi pale pale dakika ya nne ya kasida ikawadia. Kwenye foleni anakuja mwanamke mwembamba, amejifunga kisutu changu cha harusi, ulimi hautulii kinywani. Nikamtambua. Kilikuwa kigelegele changu.

"Wewe," nikamwambia, "si ulikufa?"

"Nani kakwambia? Nilikuwa edani."

"Eda ni miezi minne na siku kumi."

"Ehee! Mwambie hivyo aliyenikalisha miaka sita!" Akacheka mpaka kisutu kikamlegea. "Haya, mwenye nyumba. Napita, au nirudi ndani?"

Kabla sijajibu, Sifuri anamgeuzia mdomo. Nikamrukia Sifuri, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote.

TAP!

Wimbo ukapasuka. Ubeti mzima ukaanguka sakafuni, na Bi Shufaa, kiongozi wetu, akabaki na dufu mkononi na mdomo wazi, hana neno la kuimba.

"Polepole!" kinafoka kifumbu. "Namba zikiruka ghafla, sikio linachomwa mwiba!"

Ukumbi ukawa darasa letu la saba. Nimekaa dawati la mbele na mvi zangu. Kwenye kiti cha mwalimu imekaa kengele ya shule.

"Mwanaheri, simama. Mtoto aliyelala mapajani unampelekaje mkekani?"

"Naanza na miguu, mwalimu. Kisha mgongo. Mkono ulio chini ya kichwa nautoa mwisho."

"Kwa nini humtupi tu?"

"Ataamka, alie."

"Kaa. Umefaulu."

Neno hilo nilikuwa nalingoja tangu darasa la saba.

Narudi, nakuta kasida imerudishwa nyuma kidogo. Ubeti umeokotwa, Bi Shufaa anaimba, na kigelegele anakuja tena kwenye foleni. Namwinamia Sifuri. Bismillahi. Kwa kitu ambacho si kitu, ni mzito kama gunia la chumvi. Namsogeza unywele mmoja, nangoja punje zipite. Namsogeza unywele mwingine. Nguzo inakuja nyuma yetu hatua kwa hatua, ndani ya duara, inahema. Nampeleka juu, juu zaidi, mpaka pembe ambayo sikio la binadamu halifiki. Anapiga miayo. Hajui kama amehamishwa.

Kigelegele anapita.

Hakuna tap. Anapita mzima, na ulimi wake wote, na ile pumzi yake ya mwisho. Tui linachuruzika jeupe. Bi Shufaa anapiga dufu, punje zinasahau namba zao, na Hasi Kumi anacheza kuliko wote.

Kisha nikamrudisha Sifuri vile vile, unywele kwa unywele, amalizie filimbi yake.

Kifumbu kikavua kofia. "Bibi, una mkono mwepesi. Kazi hii umesomea wapi?"

"Nimelea saba," nikasema.

Nikaamka nacheka peke yangu. Nikatawadha, nikasali, nikaweka chai jikoni. Haijachemka, simu ikalia.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri. Hizza hapa."

"Marahaba, baba. Kwema?"

"Kwema. Filimbi imekwisha. Ila sielewi. Jana niliacha kichujio kikate wimbo mzima. Asubuhi nakuta dakika ya nne kimejiondoa polepole, kisha kikarudi polepole, na si mimi niliyekipanga hivyo. Ndiyo nimesikia kumbe kile ni kigelegele! Kitamu, bibi! Nani kakipiga?"

"Mimi," nikasema, wala sikuona haya.

"Basi hakitoki." Akashusha sauti. "Na samahani kukuuliza, wewe mtu mzima. Juzi mlipokuja, kuna mwenzenu alikuwa na nazi? Kibodi yangu imelowa, sisimizi wamejaa kwenye herufi. Nimeonja, bibi. Ni tui. Tena tui la kwanza."