Mlango Uliofunguka Wakati wa Kupaa

Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba hapandi kile alichokiita "kopo lenye mabawa" maisha yake yote, na hata akifa, alisema, wambebe kwa gari. Lakini mvua zilipoondoka na daraja, na binti yake akajifungua mtoto wa kwanza ng'ambo ya mto, kiapo kikaanza kulegea. Jioni moja alimfuata mke wa mwanawe jikoni, akasimama kizingitini kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Hivi lile kopo lako," alisema, "mtu mzima anaenea?"

Mke wa mwanawe alikuwa rubani. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na barua kwenye vituo vya mbali kwa ndege ndogo ya viti vinne, yenye rafadha moja inayozunguka puani. Kwa miaka yote ya ndoa hiyo mama mkwe hakuwahi kumwuliza lolote kuhusu kazi hiyo, ila saa ya kurudi. Hawakugombana hata siku moja. Waliheshimiana kwa mbali, kila mmoja akichunga ulimi wake.

"Anaenea, Mama," alijibu. "Tena atakaa mbele."

Siku ya safari mama alifika uwanjani amevaa gauni lake la heshima, mtandio mpya mabegani, na mfuko wa nguo za kichanga ambao hakukubali mtu mwingine aushike. Rubani alimketisha kiti cha kulia, akamfunga mkanda, akamvisha hedifoni za kuongelea, kisha akaubana mlango na kukaza komeo lake. Wakasogea hadi mwanzo wa njia ya kurukia, na hapo wakaambiwa wangoje ndege kubwa itue kwanza.

Jua lilikuwa kali na ndani ya ndege mlifuka joto. Rubani aliinamia redio, akisikiliza maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege. Hakumwona mama mkwe akifungua mlango kidogo apate hewa, kisha akiurudisha kwa kuuvuta tu, kama mtu anayefunga mlango wa teksi.

Ruhusa ikatoka. Injini ikanguruma, ndege ikashika mbio, vibanda vya kando vikapita kwa kasi. Mama alifumba macho, midomo ikimchezacheza kwa dua. Magurudumu yakaachana na ardhi.

Hapo hapo, pah! Mlango wa kulia ukafunguka.

Upepo ulivamia kwa kelele ya kuziba masikio. Karatasi zilizokuwa nyuma zilirukaruka kama kuku waliofumaniwa na mwewe. Mtandio ulimchomoka mama mabegani, ukapenya uwazini, ukaenda zake.

"Tunakufa!" mama alipiga yowe. "Jamani, tunakufa!"

Mkono wa rubani uliondoka wenyewe kwenda kuushika mlango. Alikuwa ameshajinyoosha nusu ya safari alipohisi pua ya ndege ikiinama na bawa la kulia likilala. Chini, mwisho wa njia ulikuwa unawajia, na mbele yake uzio na mfereji. Hapakuwa tena na nafasi ya kurudi chini na kufunga breki. Ndipo alipomsikia kichwani mwalimu wake wa zamani, mzee mmoja mkali aliyekuwa akiwagongea wanafunzi kofia kwa kalamu: "Ndege hairuki kwa mlango! Inaruka kwa mabawa. Shughulika na mabawa!"

Akarudisha mkono kwenye usukani. Akanyoosha bawa, akainua pua taratibu, akaangalia mshale wa mwendo. Mwendo ulikuwepo. Injini ilikuwa inavuta vizuri. Uzio ukapita chini yao.

Kugeuka tu, akamwona mama mkwe ameng'ang'ania mpini wa mlango kwa mikono miwili, anauvuta kwa nguvu zake zote, mwili umeinama kuelekea kwenye mwanga.

"Mama, achia mlango!"

Hakuwahi kumpandishia sauti. Hakuna mkwe aliyewahi. Mama alimgeukia, kinywa wazi.

"Achia! Kumbatia mfuko wako. Mkanda unakushika, huanguki. Upepo wenyewe unausukuma mlango urudi, hauwezi kufunguka zaidi ya hapo. Ndege ni nzima, Mama. Tunazunguka, tunatua."

Mama aliangalia. Kweli, mlango ulikuwa umebaki wazi upana wa kiganja, ukitetemeka lakini hauendi popote. Aliachia kidole kimoja kimoja, akaukumbatia mfuko.

"Mnara, nina mlango wazi," rubani alisema redioni. "Narudi kutua."

"Njia ni yako," sauti ilimjibu. "Usiwe na haraka."

Haraka alikuwa nayo, ila aliimeza. Aliacha ndege ipande mpaka kimo chake cha kawaida, akakata kona pana, akashuka kama anavyoshuka siku zote. Magurudumu yaligusa chini kwa ulaini ambao siku nyingine huutafuta asiupate.

Alipoegesha na kuzima injini, rubani akashika mkanda wake aufungue. Alikikosa kifungo mara tatu.

"Kumbe na wewe uliogopa," mama alisema.

"Mno, Mama."

"Mbona ulikuwa unaongea na yule wa redioni kama unaagiza chai?"

Rubani akacheka. Mama naye akaanza, kicheko kidogo cha puani kwanza, kisha kikamshinda, akajishika mbavu na machozi yakamtoka. Kila mmoja akijaribu kunyamaza, mwenzake anamwanzishia upya. Fundi wa uwanjani aliyekuja mbio alisimama akiwashangaa.

"Ni mimi niliyeufungua," mama alisema alipoweza. "Nilitaka hewa."

"Na mimi sikuukagua kabla ya kuruka. Hiyo ndiyo kazi yangu, siyo yako."

Fundi alikagua bawaba na komeo, akavijaribu mara kadhaa, akasema havina tatizo. Rubani alimwambia mama kwamba akitaka watarudi nyumbani, daraja litajengwa, mtoto hakimbii.

"Nirudi nyumbani nikaseme nini?" mama alijibu. "Funga mlango wako. Na mimi nitauvuta kwa ndani."

Walifika kabla ya chakula cha mchana. Mama aliketi kitandani kando ya binti yake, mjukuu mapajani, akisimulia. Katika simulizi lake mlango ulikuwa umeng'oka wote, na mawingu yalikuwa yameingia ndani.

"Basi huyu hapa," alisema, akimwelekezea rubani kidevu, "akaniamuru! Mimi! Na nikatii!"

Rubani hakumrekebisha. Alikuwa ameegemea ukuta, sahani tupu mkononi, njaa bado inamkata vibaya. Aliomba sahani ya pili.