Kijiji Kisicho na Maskini

Sinki la choo lilifika kwa pikipiki, limefungwa kwa mipira nyuma ya kiti kama mbuzi wa kwenda mnadani. Yayan, karani wa kijiji cha Cirengas, akalishusha, akalibeba hadi nyuma ya nyumba ya Entin na kulitua juu ya udongo, palepale kuku walipokuwa wanachakura. Hapakuwa na shimo wala bomba.

"Simama pembeni yake, Neng," alimwambia Entin, kama dada mdogo anavyoitwa huko, simu mkononi. "Mbebe mtoto. Cheka kidogo."

"Nichekee nini, Kang?" Entin alimjibu kama anayemwita kaka. "Halina hata shimo."

"Shimo halionekani kwenye picha."

Entin akacheka kwa sababu hilo lilichekesha kweli. Lilis, binti yake wa miaka mitatu, hakucheka. Tangu juzi alikuwa anaharisha, na kichwa chake kilimlalia mama begani kizito, cha moto. Yayan akapiga picha tatu, akalifunga sinki tena kwenye pikipiki. Toka asubuhi lilikuwa limeshapigwa picha kwenye nyumba kumi na moja, na jioni lilitakiwa kurudishwa dukani.

Kisha akatoa ndoo ya chokaa na brashi.

Mwaka juzi ofisi ya kijiji ilipita na rangi nyekundu ikiandika kuta za kila nyumba inayopokea mchele wa serikali: FAMILIA MASKINI. Herufi zilikuwa na urefu wa mkono. Waliofuta kwa aibu nao walifutwa kwenye orodha. Entin hakufuta. Alipita chini ya maneno hayo kila siku, akaanika nguo mbele yake, akajiambia amezoea. Watoto wa jirani walimwita Lilis "Maskini" kama vile ndilo jina alilopewa alipozaliwa.

"Mbona leo mnafuta wenyewe?"

"Alhamisi wanakuja waamuzi wa mashindano ya vijiji. Wasifu wa kijiji unasema maskini sifuri. Ukuta hauwezi kusema lake na wasifu useme lake. Weka kidole hapa."

Karatasi ilisema kwamba Entin amehitimu umaskini. Ndivyo ilivyoandikwa, amehitimu, kama mtu aliyemaliza shule. Yeye aliishia darasa la nne; hakuwahi kuhitimu kitu. Akabonyeza kidole kwenye wino, akabonyeza karatasi. Kisha akamshikia Yayan ndoo, na herufi moja ilipokuwa bado inachungulia chini ya chokaa, yeye mwenyewe ndiye aliyeionyesha.

"Ongeza hapo, Kang. Bado inaonekana."

Jumatano choo cha Lilis kilitoka na damu. Nesi wa zahanati alimfinya ngozi ya tumbo, na mkunjo ukabaki umesimama, haurudi.

"Hospitali ya mjini," nesi alisema. "Usingoje. Pitia kwa Pak Kuwu akupe hati ya umaskini. Bila hiyo hawakupokei, Neng, nakwambia mapema usije ukalia getini."

Mume wa Entin alikuwa ng'ambo, kisiwani Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi, na simu yake haikuwa imepatikana tangu mwezi wa kufunga. Entin akamfunga mtoto kwenye mbeleko na kukatiza majaruba ya mpunga hadi ofisini.

Kuwu, mkuu wa kijiji, alikuwa anachokonoa meno huku Yayan akimsomea wasifu kwa sauti.

"Kaya, mia mbili kumi na nne. Kaya zenye choo, mia mbili kumi na nne. Kaya maskini, sifuri."

"Hiyo sifuri uivute kidogo," alisema Pak Kuwu. "Itulie masikioni." Akamwona Entin mlangoni. "Nini tena?"

"Naomba hati ya umaskini, Pak Kuwu. Mtoto anahara damu."

"Hati ya nini?"

"Ya umaskini."

Pak Kuwu akamtazama Yayan. Yayan akatazama meza.

"Neng Entin, wewe si umehitimu?"

"Nilibonyeza kidole tu, Pak. Nyumbani hakijabadilika kitu."

"Hakijabadilika? Ukuta mweupe. Choo unacho, nimekiona kwenye picha, na meno yako yote nimeyaona, unacheka." Akatema kipande cha nyama kiganjani, akakikagua, akakirudisha mdomoni. "Leo niandike kwamba Cirengas ina maskini, kesho waamuzi wanasoma hakuna. Nani mwongo hapo? Mimi au wasifu?"

"Mwangalie mtoto basi, Pak. Mwangalie tu."

Hakumwangalia mtoto. Alimwangalia Entin, kuanzia miguu yenye matope hadi mifupa ya shingo, taratibu, kama mtu anayechagua kuku.

"Yayan, huyu anafaa kuliko yule mke wa fundi cherehani."

"Yule mnene mno, Pak."

"Mnene mno. Nani ataamini aliwahi kulala na njaa? Sikiliza, Neng. Kesho waamuzi watataka kumsikia mtu aliyetoka kwenye umaskini, kwa mdomo wake mwenyewe. Utasimama, utasema maneno manne. Wakishakula tu, nakusainia."

"Na mtoto asipofika kesho?"

"Usilete maneno ya mkosi ofisini kwangu."

Entin alimnywesha Lilis maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka kulipokucha. Kila kijiko kilichobaki tumboni alikishukuru. "Moja tena, mwanangu. Moja ya mama."

Asubuhi mke wa Kuwu alimvika kebaya yake ya kijani, blauzi ya sherehe. Alimpaka Lilis poda, kisha akachukua rangi yake ya mdomo na kumzungushia mashavuni mpaka mtoto akaonekana mwenye afya, kwa mtu aliye mbali.

Ukumbini waamuzi walikuwa watatu, mmoja mama mwenye miwani. Entin alipewa kipaza sauti.

"Zamani tulikuwa maskini," alisema, kama alivyofundishwa. "Zamani tulijisaidia mtoni."

Hapo akasikia uvuguvugu ukipita kwenye mbeleko, ukimshuka nyongani, ukiendelea mguuni. Harufu ikafika mbele kabla ya sentensi iliyofuata. Watu wakatoa leso. Yayan akafungua dirisha.

"Sasa kila nyumba ina choo," Entin alisema. "Tunamshukuru Pak Kuwu."

Kitu kilidondoka kwenye mkeka. Yule mama wa miwani akainamia karatasi zake, akaandika kwa muda mrefu, akipumua kwa mdomo. Kisha wote wakapiga makofi.

Mke wa Kuwu alimkamata kiwiko. "Pita mlango wa nyuma. Kamsafishe bwawani. Na vazi langu hilo!"

"Hati je, Bu?"

"Wakishakula, umeambiwa!"

Bwawa la samaki lilikuwa nyuma ya ukumbi. Choo cha mianzi kilisimama juu ya maji yake kama siku zote, ila leo kimefunikwa kwa bango la kuwakaribisha wageni. Entin akachuchumaa kwenye jiwe, akafungua mbeleko, akaanza kumwosha mtoto. Maji yakawa ya kahawia yenye wekundu. Samaki mmoja akaja. Wakaja watano, kisha maji yakachemka kwa migongo iliyonona na midomo ya duara, wakigombania. Entin aliwafukuza kwa mkono. Wakarudi. Lilis aliwatazama bila kuinua kichwa.

Mak Onih, mpishi, akashuka na wavu na ndoo.

"Sogea kidogo, Neng. Hapohapo walipojikusanya."

"Mak, bado hawajamaliza kula?"

"Wanaongeza! Yule mama wa miwani kasifu, kasema samaki wa mjini hawanoni hivi." Akauzamisha wavu. "Pak Kuwu anataka sita wakubwa. Haondoki mezani mpaka wafike."

Entin akaweka kiganja kifuani kwa mtoto, akakiacha hapo.

"Sita wanachukua muda gani kuiva, Mak?"

Mak Onih alikuwa anatazama ndani ya wavu, midomo ikihesabu.

"Wanne tu hawa," alisema. "Mwoshe tena kidogo, Neng, waje wengine."